Nyuzi Kumi na Sita, Mto Mmoja

Jumatatu, 4 Machi
Programu yetu ya kukadiria kina cha mto bado inachukua saa tatu. Maji ya mlimani yanafika bondeni kwa saa mbili. Yaani tunatabiri mafuriko yaliyokwisha kupita! Mkuu wa kituo kacheka, kisha kanuna. Kanipa hadi Ijumaa.
Nadhani nimeona kasoro. Programu imegawa kazi yake katika nyuzi kumi na sita zinazokwenda sambamba, na mfumo unazihamisha-hamisha kutoka kiini hiki cha prosesa, ule ubongo wa mashine, hadi kile, kama paka na watoto wake. Kesho kila uzi naupa kiini chake. Kuhama marufuku.

Jumanne, 5 Machi
Nimezifunga nyuzi kwenye viini. Sasa inachukua saa nne na nusu! Nusu ya mashine imelala, nusu inatokota. Sielewi. Sielewi kabisa.

Jumatano, 6 Machi
Babu Feni, fundi wetu wa chumba cha seva, kasoma orodha yangu ya viini akaguna. Eti namba sifuri na namba moja ni kiini kilekile chenye majina mawili. "Mwanangu, umewalaza wawili kitanda kimoja, vyumba vingine vitupu." Kumbe! Nimepanga upya, kila uzi kiini chake halisi. Dakika arobaini na mbili! Nimemkumbatia mzee, nusura amwage chai.

Alhamisi, 7 Machi
Data zilezile, nimeendesha mara mbili. Kwanza, nyuzi zikiwa huru: mita 3.8. Pili, zikiwa zimefungwa: 4.3. Tuta la kuzuia maji bondeni lina mita nne!
Nimezifungua nyuzi — 3.8. Nimezifunga tena — 4.3. Babu Feni anahisi nyuzi mbili zinaandika jibu mahali pamoja, zinafutiana. Zamani zilipishana kwa bahati tu. Basi miaka yote hii tulijua, au tuliotea? Nimepekua msimbo siku nzima. Sioni kitu.

Ijumaa, 8 Machi
Mvua mlimani tangu alfajiri. Data mpya, namba zilezile: 3.8. Halafu 4.3. Mungu wangu.
Dada kapiga simu kutoka bondeni — mto umefika banda la kuku, amhamishe mama? Nikasema mhamishe, sasa hivi, wala usifunge mizigo.
Kugeuka, Mkuu yuko mlangoni. Watu wa redio wanasubiri namba. Nikamwambia ninazo mbili, sijui ipi ya kweli.
"Mama yako umempa 4.3," kasema taratibu. "Hao wengine niwape ngapi?"