Kuzunguka Ziwa na Pampu Mkononi

Jumatatu, 4 Juni 1984

Dizeli hakuna tena. Landrover zote mbili za shamba zimelala gereji, kuku wanataga ndani. Meneja kasema doria ni kwa baiskeli — yaani mimi, maana walinzi wenzangu wana miguu tu. Sawa! Barabara ya kuzunguka ziwa yote yangu. Leo sikupishana na gari hata moja. Kilima cha kwanza nakanyaga nimesimama, cha pili nasukuma, halafu mteremko mrefu mpaka majini, ngano kulia, viboko wanapumua kushoto. Phoenix yangu haina mfano. Mnyororo hupata mafuta kabla mimi sijapata chai.

Nilimkuta mzee mmoja na mbuzi saba ndani ya ngano. Fimbo sikuwa nayo, nikatumia pampu ya baiskeli. Mbuzi mmoja hakuinuka. Mzee akasema njia ya kwenda majini ilikuwepo kabla ya shamba. Nikamwongezea moja ya bega. Niseme kweli, nilijisikia vizuri. Tangu nirudi vita vya Uganda mikono yangu ikikaa bure inawasha.

Jumatano, 6 Juni

Natalia hanisemeshi. Kwao ni Tlawi, milimani, wanajua kununa! Mimba yake iko mwezi wa tisa, tumbo limeshuka. Kasikia habari za mbuzi. Anasema siku moja nitampiga mtu asiyepigwa. Nikamwambia ninalinda chakula cha Taifa. Akasema basi nilinde na mkono wangu.

Nikauinua. Nikaushusha shavuni mwake — kidogo tu! Nikatoka, nikazunguka ziwa mara mbili bila kupumzika, damu ikanitoka puani.

Ijumaa, 8 Juni

Ukungu asubuhi. Nashuka mteremko, breki zimelowa hazishiki. Mbele yangu mtu anatoka katikati ya ngano, ameinama, mgongo umevimba chini ya blanketi. Mwizi! Wiki nzima wanakata masuke na kuyabeba hivyo hivyo. Nikapiga kengele. Akakimbia. Nikamfikia bila hata kushuka, nikapiga na pampu pale penye mzigo. Mara moja. Kwa nguvu zote.

Mzigo ukalia.

Ni Zita, mke wa Margwe, nyumba ya kwanza ukivuka daraja. Mtoto ana wiki mbili. Zita hakupiga kelele. Alifungua blanketi, akatazama mkono wa mtoto unavyoning'inia, akanitazama mimi. Nikasema sikujua. Akasema, "Hukuuliza." Nikamwambia apande kwenye karia nimpeleke zahanati. Akalitemea mate tairi la mbele, akaenda kwa miguu.

Nimeosha pampu. Haikuwa na damu, lakini nimeiosha.

Jumamosi, 9 Juni

Mganga wa zahanati amemfunga mtoto wa Zita vijiti. Atapona, ila mkono huenda usinyooke. Mganga mwenyewe ameshaondoka, amekwenda Arusha kufuata dawa, zahanati imefungwa.

Philemon, mlinzi mwenzangu kutoka kijiji cha Dirma, anasema afadhali ningempiga Margwe mwenyewe. Wanaume wangekaa, wangezungumza, yangekwisha. "Hii ni kesi ya akina mama." Nikacheka. Akasema, "Cheka tu, Isidori, na mkeo yuko njiani kujifungua." Nikamrukia! Jino lake moja liko chini ya benchi la lindo. Jicho langu la kushoto halifunguki. Hasira hasara, walisema. Hawakusema jinsi ilivyo tamu wakati inatoka.

Jumapili, 10 Juni

Kanisani hakuna aliyenipa mkono. Baada ya misa wanawake walikwenda ufukweni, kama sitini, kila mmoja na fimbo iliyotolewa magome. Mwanamume hasogei pale. Mchana wakasimama nje ya ua wangu wakamwambia Natalia hukumu kwa sauti, kana kwamba mimi ni ndoo.

Aliyempiga mzazi, mwanamke aliyetoka kujifungua, amewapiga wanawake wote. Nitoe dume jeusi la ng'ombe. Nilishike kamba mwenyewe, wao walipige kwa fimbo mpaka life. Kabla ya hapo hakuna mwanamke atakayekanyaga ua wangu, wala kutupa maji, wala moto. Wala kumshika Natalia akizaa.

Natalia alinieleza yote ameshika tumbo. "Tafuta dume," alisema. Hakulia. Afadhali angelia.

Jumanne, 12 Juni

Nimezunguka ziwa nyumba kwa nyumba. Hakuna wa kuniuzia dume! Kila mwanamume neno lake lile lile: ng'ombe ni wa nyumba, na nyumba ina mama. Yule mzee wa mbuzi anayo madume mawili. Alinitazama mpaka nikageuza baiskeli. Meneja kacheka, kasema ni ushamba. Mke wake yuko Moshi, kwa nini asicheke?

Jioni mama mkwe, Bernadina, amefika. Ametembea siku mbili kutoka Tlawi kuja kumpokea mjukuu. Wanawake walimwahi njiani. Nikasema, "Shikamoo, mama." Akapeleka macho ziwani. Natalia akatoka mlangoni anaita. Mama mkwe akaweka kikapu chini, nje ya ua, akafuta machozi kwa khanga. Hakuvuka. Kisha nikaona anapewa fimbo, naye akaipokea!

Alhamisi, 14 Juni

Asubuhi mama mkwe alisimama nje ya ua, amenipa mgongo, akasema na hewa. Dume sina, wamekwisha kujua. Lakini kipo ninachokipenda kama watu wanavyopenda dume. Wenzake wamekubali. Nilete baiskeli, ipigwe badala ya dume.

Nilipandwa na wazimu. Nilirusha kigoda kikavunja ua. Nikamwambia afadhali niichome moto mwenyewe! Hakugeuka.

Nikapanda, nikaondoka kwa kasi. Upepo unalaza ngano. Wanawake wamekaa pembeni mwa barabara, mmoja hapa, wawili pale, ziwa zima. Kila ninapokaribia wanageuka, naona migongo tu. Wengine wana watoto mgongoni. Nilitaka barabara tupu, si ndiyo? Sijawahi kuwa peke yangu namna ile.

Ijumaa, 15 Juni

Uchungu ulianza alfajiri. Sasa ni saa nane mchana. Naandika kwa sababu mikono ikikosa kazi itampiga mtu.

Asubuhi nilimpandisha Natalia kwenye karia, nimfikishe hospitali, vilima vyote vile. Hatukumaliza hata cha kwanza. Alinishika shati akapiga yowe, akateleza, tukaanguka wote, baiskeli juu yetu. Nimemrudisha mgongoni, baiskeli nikiikokota kwa mkono mmoja. Mgongoni! Njia nzima nilikuwa nasikia pampu inagonga fremu.

Mtoto hatoki. Natalia ameuma blanketi limetoboka. Aliniambia, akiwa ametulia kidogo, "Nikifa, utampiga nani?" Nikamfuta jasho. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu — nimeusema mara ngapi, huo msemo, nikicheka.

Nilitoka nikapiga kengele ya baiskeli. Nikaipiga mpaka kidole kikauma. Wanawake wakaja.

Wako nje ya ua sasa, zaidi ya sitini. Phoenix nimeisimamisha nje ya lango, mbele yao. Nilidhani inatosha, nikaingia ndani nisione. Mama mkwe akaita, na mara hii aliita jina langu. "Isidori. Dume halijishiki. Njoo ushike usukani." Nisimame pale, mikono yote miwili, mpaka wamalize. Fimbo sitini, na si kila moja itapiga chuma. Nikiachia mkono mmoja, nikiuinua tu, watageuka na kurudi kwao, na mama mkwe atakwenda nao.

Wa kwanza ni Zita. Mtoto yuko mgongoni, mkono umefungwa vijiti. Ameweka fimbo yake chini. Amechomoa pampu kwenye fremu.

Natalia anaita mama yake. Mama mkwe amejifunga khanga kiunoni, lakini hasogei. Wananingoja mimi.

Mikono inawasha. Mungu wangu, hata sasa inawasha. Natoka kushika —