Bega la Mama Halikuteguka

Babu, shikamoo. Marahaba najiitikia mwenyewe, maana tangu tukuzike hapa nyuma ya migomba umekuwa na maringo, husalimiki.

Mwandiko uvumilie. Niliacha shule darasa la sita nikaja kwako kujifunza kurudisha viungo, ukasema mikono yangu imesoma kuliko kichwa. Nikaamini. Tangu ufe nimerudisha mabega manne, Babu. Manne! Yule kijana wa baiskeli aliyebiringika na ndizi mteremkoni, mkono ukavutwa juu na nyuma, nilimwona tu anakuja ameukumbatia kama mtoto mchanga. Bega limepoteza mviringo, limekuwa kona ya meza, kwa mbele limetoa kinundu. Nikamwambia, "Gusa bega la pili." Akashindwa. Nikajua. Ntobeye nzima wakaniita Daktari. Nikaringa, nisikudanganye.

Halafu akaja Mama, binti yako.

Aliteleza kwenye mvua akitoka kuchota maji. Ulinifundisha, "Kwanza uliza alivyoanguka." Sikuuliza. Kumbe hakutanguliza mkono. Aliangukia jiwe, mkono ukiwa ubavuni, na pigo la hivyo huvunja, halitegui. Mimi niliona ameukumbatia, basi.

"Vua sweta, Mama, nione."

"Nikuvulie wewe? Titi ulilonyonya unataka kulikagua?"

Wakija wanawake, wewe ulikuwa ukigeukia ukutani. Bibi akaingia, akamvua mgonjwa, akakusomea: la kulia mviringo, la kushoto kona. Macho ya Bibi, mikono yako. Siku hiyo Bibi alikuwa jikoni, hatua kumi tu. Sikumwita. Ningemwitaje, mimi Daktari? Nikapapasa juu ya sweta, nikasema, "Limeteguka." Nikavuta.

Halikurudi kwa ule mlio tunaoujua, Babu. Mkono ulilia kama muwa unaovunjwa. Mama hakupiga yowe. Alikuita wewe: "Baba."

Bibi akaja mbio, akalivua lile sweta. "Mabega yote sawa! Nani kakwambia limeteguka?" Mfupa ulikuwa umevunjika chini ya bega.

Tulimpeleka hospitali ya Rulenge kwa pikipiki, wakampiga picha, wakamfunga. Daktari, yule wa kweli, alisema mshipa wa fahamu umeumia; huenda mkono ukarudi, huenda usirudi. Alisema hawezi kujua kama ni jiwe au ni mimi. Mimi najua. Kiganja cha Mama kinaning'inia kama jani la mgomba lililovunjika shingo. Kila asubuhi namwambia, "Inua, Mama." Anakitazama. "Kesho," ananiambia. Yeye ndiye ananibembeleza mimi! Babu, nife?

Jana walileta mtoto kutoka Mbuba, kaanguka mtini. Nilikimbilia hapa kaburini kwako, mikono nimeikalia. Bibi akamning'inizia mkono kwa kitambaa shingoni, akawaelekeza hospitali.

Nami nitafanya hivyo hivyo. Sitavuta tena mkono wa mtu. Jembe la Mama nalishika mimi. Maharage yake yamepinda mistari kama nyoka, ananicheka.

Lala, Babu. Ila kama huko kuna wa kumwomba, mwombe vidole vya Mama. Hata kimoja. Siku kitakapoinuka nitamleta Mama hapa mbele yako, akusalimie kwa mkono huo huo.

Mjukuu wako,
ambaye si Daktari