Neno Nililomtafsiria Mama

Baba yangu,

Hapa ugenini Yeoville bado unapanda ngazi kila saa kumi na moja jioni. Nasikia hatua zako: mguu mzito, mguu mwepesi, unapumzika ghorofa ya pili, halafu tena. Mama naye huinua kichwa.

Siku ile mlinzi mwenzako alipopiga simu kutoka kazini Jeppestown, nilipokea mimi, maana ndimi mkalimani wako wa Kiingereza. Akasema, "Eish, sisi, your father is late." Huku "sisi" ni dada. Nikamshukuru. Nikamwambia Mama, "Wanasema Baba amechelewa." Mama akafunika fufu yako ya muhogo kwa sahani, akasema, "Basi tumungojee." Tulikungoja mpaka mchungaji wetu alipobisha hodi kutupa pole. Ndipo nilipojua kwamba huku neno la kuchelewa, "late", ni hilohilo la kufa.

Tulikuzika, lakini Mama bado ananiuliza, "Si walisema amechelewa tu?" Sijamwambia kwamba nilikosea. Anaendelea kufunika sahani, wala hafungi mlango mpaka giza liingie.

Wiki niliyorudi shule nilikosa teksi ya kwanza, yale mabasi madogo ya abiria. Mwalimu akaita jina langu, msichana mmoja akanijibia, "She's late." Nilikuwa nimesimama mlangoni. Hakuna aliyegeuka. Nilijishika mkono kuona kama una joto.

Nikalitafuta neno hilo katika kamusi ya maktaba. Zamani halikuhusu saa wala kifo. Lilimaanisha mwenye mwendo wa polepole, na lina ndugu katika Kilatini, maana yake aliyechoka. Nikakuona ukivua viatu, ukisema, "Mkalimani wangu, leo nimechoka mpaka kofia."

Jana hatua zilifika mlangoni, Baba. Kitasa kilishuka kidogo, kikarudi. Nilipochungulia, hapakuwa na mtu. Naogopa ni mimi ninayekuzuia. Nilisema umechelewa, nawe, kwa kuniamini, unakuja.

Leo, kabla ya saa kumi na moja, nitamshika Mama mikono nimwambie nilivyokosea, na neno lenyewe kwa Kiswahili: Baba amekufa. Akilia, nitalia naye. Kisha tutakula, na sahani yako nitaiosha niiweke kabatini.

Usipande tena ngazi hizi. Umechoka. Naahidi neno lako sitalikosea tena.

Nenda polepole, Baba. Hukuchelewa popote.

Mkalimani wako,
Riziki