Kufuta na Kutafuta

Mjukuu wangu Lusajo, mume wangu mdogo wa huko Dodoma,

Hapa Bulyaga hatujambo, ila mvua haitupi nafasi ya kuanika nguo. Babu yako anakusalimu, na wivu wake haujapungua.

Unauliza uwasaidieje wazee ambao mfumo wa kompyuta zao umeachwa na waliouunda. Mimi humwomba mwenye kompyuta anieleze kwanza, kwa maneno yake, ninachotaka kufanya. Nilijifunza hilo kwa kukosea, kwa Mama Atupele, mjane mzee wa kule Masukulu. Kompyuta yake ilikuwa haipati tena marekebisho ya usalama, nami, bingwa wa kujiita, nikaenda kumwekea mfumo mpya.

"Kwanza nitafuta kila kitu," nikamwambia.

"Ndaga, mwanangu, asante. Tafuta tu."

Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe aliposema, "Ukiipata sauti ya marehemu mume wangu, niwekee mahali pa karibu."

Nikaondoa kidole. "Mama, sikusema kutafuta. Nilisema kufuta."

Akanidaka mkono. "Yaani umuue mara ya pili?"

Tulikaa hadi alasiri tukifungua faili moja moja, yeye akitaja, mimi nikinakili kwenye flashi. Ndipo nikaweka mfumo mpya. Tulipomaliza, tukaifungua sauti ya marehemu akifundisha kwaya.

"Kelele zimezidi!" marehemu akafoka. "Nyamazeni!"

Tukanyamaza, mimi na mjane wake.

Nikikuwaza kila siku,
Bibi yako