Kwa Nini Editha Anakosea Hesabu kwa Makusudi

Mkonze, Dodoma

Kaka yangu mpendwa Osmund,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta wewe, wifi na watoto mkiwa wazima, na kwamba kifua cha Mama kinastahimili ukungu wa Mbinga. Sisi hapa hatujambo. Upepo umetukausha midomo, lakini binti yako anakula vizuri, na ameuzoea hata mlenda ambao mwanzoni aliukimbia.

Nimechagua kuandika kwa sababu kwenye simu tunakatizana maneno. Nilipokueleza kwamba Editha anakosa hesabu karibu kila siku, ulisema utakuja kumchukua likizo hii, arudi akusaidie kwenye kahawa. Sikukujibu, maana mimi mwenyewe sikuwa na hakika na nilichokiona. Naomba unisome mpaka mwisho kabla ya kukata tiketi ya basi.

Jioni moja nilimkuta amechuchumaa uani, anakokotoa mchangani kwa kijiti: robo tatu, gawanya kwa nusu. Akapata moja na nusu, jibu sahihi kabisa. Kisha akafungua daftari na kuandika tatu juu ya nane. Nilidhani amepitiwa. Kesho yake akafanya vilevile kwa hesabu nyingine, na safari hii alikuwa akitabasamu.

“Editha, mbona unaandika jibu ambalo unajua si lenyewe?”

“Mwalimu amesema tukosee, Shangazi.”

“Mkosee?”

“Eee. Ila tukosee vizuri.”

Jirani yangu Mama Salama, Mrangi wa Kondoa mwenye genge la mboga hapa nje, alinimaliza kabisa. “Wewe na digrii yako hiyo hujaelewa? Mwalimu anamtumbukiza mtoto shimoni, halafu Jumamosi anakuuzia ngazi. Subiri, utaitiwa twisheni ya kulipia.” Maelezo hayo yalilingana mno na hofu niliyokuwa nayo, na pengine hilo peke yake lilipaswa kunitia shaka. Halikunitia.

Niliomba ruhusa kazini, nikaenda shuleni bila kutoa taarifa. Mwalimu mkuu aliniruhusu kukaa nyuma ya darasa la sita. Mwalimu Ndahani ni mwanamke Mgogo wa umri wangu, mwenye sauti ndogo kiasi kwamba watoto hulazimika kunyamaza ili wamsikie. Kila mtoto alikuwa amekuja na hesabu aliyoficha kosa moja ndani yake, na wenzake walitakiwa kulitafuta na kueleza lilikoanzia. La mvulana mmoja lilionekana papo hapo, wakamzomea: “Hilo hata mbuzi angeliona!” Hesabu ya Editha iliwagawanya, nusu yao waliapa kwamba iko sahihi.

Baada ya kipindi nilimwuliza mwalimu faida ya mchezo huo.

“Dada, kosa la kawaida mtoto hulifanya bila kujua,” alisema. “La kutunga hawezi kulitunga kama hajui njia iliyonyooka.”

“Na twisheni ya Jumamosi?”

Alicheka. “Jumamosi niko Bahi kwenye mpunga wangu. Njoo na jembe, hiyo ndiyo twisheni.”

Sikwenda Bahi kuhakikisha, ingawa nakiri nilifikiria kwenda. Maneno yake yalikuwa mazuri mno, Kaka, na mimi huogopa maneno mazuri. Nilijiuliza kama watoto hawafundishwi kuficha uongo kwa ustadi. Nilijiuliza pia kama somo lile halikupambwa kidogo alipoona kuna mgeni. Kwa hiyo wiki iliyofuata nilirudi, nikasimama nje ya dirisha la nyuma, mahali ambapo hapakuwa na wa kuniona.

Mwalimu alikuwa akiandika hesabu ndefu ubaoni, watoto wananakili. Ghafla Editha akasimama.

“Mwalimu, hapo umetudanganya.”

Mtoto huyu, ambaye wewe mwenyewe uliniambia kwamba huko nyumbani aliitikia jina lake kwa kunong’ona! Darasa zima liliacha kuandika. Mwalimu aliutazama ubao kwa muda, akafuta mstari mmoja, akauandika upya. “Ahsante, Editha. Waeleze wenzako nimepotelea wapi.” Naye akaeleza.

Nilimchunguza mwalimu usoni kama askari wa zamu, lakini sikuweza kujua kama alikosea kweli au alitega. Bado sijui. Editha hakusubiri kujua.

Huenda nimeona kile nilichotaka kukiona. Kipindi kimoja dirishani si ushahidi mkubwa. Vilevile siwezi kukuahidi kwamba mwalimu huyu hatahamishwa. Ila walimu wamenipitia wengi, hadi chuo kikuu, na sikumbuki hata mmoja ambaye ningethubutu kumwambia maneno yale nikabaki nimesimama. Naomba umwache amalize darasa la saba hapa. Nikiwa nimekosea, lawama zote ziwe zangu.

Mfikishie Mama shikamoo yangu. Msalimie wifi, na mdogo wetu Kasiani, fundi baiskeli, umwambie sijamsahau mwanawe mchanga.

Jambo moja sikukueleza. Siku ile ulipopiga simu, Editha alikuwa mlangoni na alisikia kwamba utakuja kumchukua. Nguo zake amezikunja zote, akazipanga juu ya begi. Hajaziingiza ndani, wala hajazirudisha kabatini. Anangoja neno lako.

Mdogo wako akupendaye,
Theodora