Miti ya Shamba la Juu

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umesimama imara, wewe, wifi na watoto. Mama ameniambia kwamba kidole chako kilichobanwa na tofali kimepona na umerudi kazini. Nimefurahi. Huku nasi tunaendelea. Mama ni mzima isipokuwa goti, ambalo siku hizi limekuwa kama mtu wa tatu hapa nyumbani: linajuliwa hali asubuhi, linawekewa kiti chake, na likikataa kutoka basi hatutoki. Anakusalimu sana. Aliniagiza nikuandikie kwamba hana la kulalamika, kisha akalalamika mpaka chai ikapoa.

Utashangaa kuuona mwandiko wangu. Simu ukiona ni mimi huipokei, na sikulaumu. Ningekuwa wewe ningefanya vivyo hivyo. Barua haina mlio. Unaweza kuiacha mezani wiki nzima ukaifungua utakapopenda. Ombi langu ni moja, kwamba ukishaianza uimalize, kwa sababu nina jambo la kukuambia na siwezi kulisema kabla ya mengine.

Bado niko ofisi ya hifadhi ya mlima, mtunza njia, kazi ile ile. Siku mbili za mwanzo wa wiki napanda na ndoo ya rangi nyeupe kupaka upya alama kwenye mawe, maana mvua huzifuta, na wageni wasipoona alama hupotea hata pale ambapo njia ni moja tu. Juzi nilimkuta mwalimu mstaafu amekaa juu ya jiwe langu, anauliza alama iko wapi. Nilimwomba ainuke. Siku nyingine nimekuwa nikiongoza kile tunachokiita matembezi ya picha. Watu huanzia nyumba ya sanaa, wanaangalia picha za mlima zilizochorwa na watu wa hapa, kisha napanda nao hadi pale alipokaa mchoraji, wapaone kwa macho yao. Picha inayopendwa kuliko zote ni ya Baba, ile kubwa ya shamba la juu. Ilinipasa kuandika shamba lako.

Habari ya shamba hilo unaijua kuliko mimi, lakini niache niipange kama ilivyo kwenye jalada la ofisi, ili uone mahali ilipopinda. Baba alikugawia wewe shamba la juu, mimi akaniachia nyumba hii na sanduku lake la rangi. Miaka minne iliyopita ulirudi na ramani ya nyumba ya wageni, vyumba sita na baraza linalotazama bonde. Ulisema umechoka kujengea watu wengine nyumba katika miji ya watu wengine, na kwamba sasa unarudi kwenu na familia yako. Ulichimba msingi kwa mikono yako, wiki tatu. Ofisi yetu ikakusimamisha. Kanuni inasema mteremko uliokuwa na msitu katika miaka arobaini iliyopita haujengwi. Lazima urudishiwe miti. Ofisi ikadai palikuwa na msitu. Wewe ukasema palikuwa na nyasi, kwamba ulichunga mbuzi pale mpaka ulipokwenda kwa mjomba kujifunza uashi. Picha za miaka ile zilizopigwa kutoka angani zilionyesha mawingu matupu. Ndipo mtu akaikumbuka picha ya Baba, ambayo nyuma yake ameandika mwaka kwa mkono wake, mwaka ule ule ulipoondoka kwenda kwa mjomba.

Kamati ya ardhi ilikaa katika ukumbi wa nyumba ya sanaa, picha ikaegemezwa kwenye kiti kama shahidi. Mwenyekiti aliisifu. Mtaalamu wa mimea alivaa miwani, akainama, akataja hata aina ya mti kwa jinsi majani yalivyojikusanya. Kisha wakaniita mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nambebea Baba sanduku, ndilo lililonipa hili jina la Sisimizi. Wakaniuliza kama Baba alikuwa mtu wa kubuni au mtu wa kuchora anachokiona. Nilijibu kwamba Baba alichora alichokiona. Jibu hilo liko ukurasa wa saba wa jalada, nami ndiye niliyetia sahihi chini yake. Uamuzi ulichukua muda mfupi kuliko chai iliyofuata.

Ulifukia msingi mwenyewe, ukakataa vibarua wa ofisi. Baada ya mwezi ulirudi ulikotoka. Mimi nikapewa kusimamia upandaji. Tumepanda miche elfu moja na mia mbili, na iliyo mingi imeshika. Sasa inanifika kifuani. Ndege wameanza kuja, na Mama anasema chemchemi ya chini haikauki mapema kama zamani, ingawa inawezekana ni mvua tu. Kila wiki nimekuwa nikisimama pale juu na nakala ya picha mkononi, nikiwaambia wageni watazame picha, kisha watazame mteremko, waone jinsi msitu unavyorudi. Wengine huguswa. Mama mmoja aliwahi kutoa machozi, nikampa kitambaa changu.

Mwezi uliopita nyumba ya sanaa ilimwita fundi wa kusafisha picha, ili ya Baba ing'arishwe kabla ya maonyesho. Ni mwanamke mnyamavu, anafanya kazi na pamba, vijiti na taa ya mezani, na huongea na picha zaidi kuliko na watu. Siku ya tatu alinitumia ujumbe nikamwone. Alinionyesha kwa taa yake kwamba chini ya miti kuna doa kubwa la bluu lililofutwafutwa, na chini ya doa kuna nyasi, zimechorwa kwa uangalifu, unyasi mmoja mmoja. Akasema mkono uliochora nyasi na mkono uliochora miti si mkono mmoja. Hakuniuliza ni wa nani. Alisema yeye ameitwa kusafisha vumbi, hakuitwa kuandika historia, na kwamba akiambiwa afunike taa ataifunika. Nilimwambia nitampa jibu kesho yake. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Mimi ni mtunza njia, na nakuambia yangu ilikwenda miaka minne bila hata kona.

Mkono wa pili ni wangu, kaka.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi. Unakumbuka desturi ya Baba: nje alichora mbingu na milima, kisha picha ilishuka nyumbani ikakaa wiki nzima ukutani kwanza, iive, kabla hajatia sahihi. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa inapoiva. Siku hiyo alikwenda kuchora kibao cha duka, kazi iliyokuwa ikitulisha. Mimi nilikuwa napanga sanduku. Nikaangusha kopo la bluu la mbingu, rangi ikarukia ukutani, ikatapakaa katikati ya shamba la juu la pichani. Nilijaribu kulifuta doa kwa mafuta ya taa, likatanuka. Nilijua sitalifuta kabla hajarudi. Nikachukua sifongo la kuoshea vyombo, nikalichovya kwenye kijani, nikaanza kupiga miti juu ya doa, mmoja baada ya mwingine, mpaka bluu ikaisha. Mti ule uliotajwa aina na mtaalamu wa mimea ni sifongo la Mama.

Baba aliporudi alisimama mbele ya picha muda mrefu. Nilingoja fimbo. Akasema mlima umeota nywele, basi na uwe nazo. Akaandika jina lake pembeni, akageuza, akaandika mwaka. Hakulizungumza tena, na aliyeinunua aliinunua kwa ajili ya ile miti. Miaka ikapita, picha ikarudi huku kama zawadi kwa nyumba ya sanaa.

Najua utauliza kwa nini sikusema mbele ya kamati. Nimejiuliza hivyo hivyo nikiwa nimeshika brashi ya alama, na majibu ninayo mawili. La kwanza ni lile ambalo ningependa uliamini peke yake: niliupenda mteremko ule ukiwa mtupu, bila vyumba sita na viatu vya wageni barazani. Ni kweli, lakini halitoshi. La pili ni kwamba kwa mara ya kwanza katika maisha yangu watu wazima walikaa mbele ya miti niliyoichora mimi, wakaisogelea, wakaiita msitu. Baba alikuwa na sifa zake. Wewe una nyumba zimesimama katika miji mitatu. Mimi napaka alama kwenye mawe, na mvua inazifuta. Mwenyekiti aliponiuliza lile swali, niliona nikisema kweli miti yangu itakuwa doa tena. Nikakutoa wewe kafara. Naona aibu kuliandika hili, na nimeliandika kwa sababu ni kweli.

Sikuacha mambo mikononi mwa yule fundi. Jumatatu nilipeleka maelezo ofisini, kurasa mbili, na chini yake fundi ametia sahihi kuhusu alichokiona kwa taa. Katibu aliyasoma mara mbili akaniuliza kama naumwa. Nilimwambia siumwi. Akaniuliza kama najua kitakachofuata, nikamwambia najua kiasi. Wamenisimamisha kuongoza matembezi, jambo ambalo ni haki. Ndoo ya rangi wameniachia kwa sasa, nadhani kwa kuwa hakuna mwingine anayeitaka. Picha wameishusha, ukutani pamebaki mraba mweupe na misumari miwili. Kamati itakaa Alhamisi ya wiki mbili zijazo, saa nne asubuhi, ukumbi ule ule, na utapata barua yao yenye mhuri. Nimetaka yangu itangulie, usije ukalisikia hili kwa mhuri.

Katibu anaamini uamuzi utafutwa. Ukifutwa, shamba ni lako tena na msingi utauchimba upya ukitaka. Miche itakuwa mali yako, kuing'oa au kuiacha. Mara tatu nimeanza kuandika sentensi ya kukuomba jambo kuhusu hiyo miche, na mara tatu nimeikata. Sikuombi. Mama hajui bado kwamba nimekuandikia haya. Nitamwambia kesho, goti likikubali kukaa kitako. Sitamtuma kwako kuniombea msamaha. Ukiona huwezi, usiutoe.

Limebaki moja, na hili halimo kwenye kurasa za ofisi. Siku ile baada ya uamuzi tulikutana kwenye ngazi za nje. Hukuwa na hasira. Uliniuliza taratibu, kama mtu anayeulizia ufunguo wake, kama kweli palikuwa na miti, kwa kuwa wewe unakumbuka nyasi na mimi ndiye niliyekuwepo mwaka ule. Kamati ilikuwa imeshaondoka. Hapakuwa na jalada wala shahidi, tulikuwa wawili tu, watoto wa tumbo moja. Nilikujibu kwamba miti ilikuwepo, na kwamba miaka mingi imepita, kichwa husahau. Ulitikisa kichwa kukubali. Ulinishukuru.

Mama ameniambia kwamba tangu hapo watoto wakikuomba uwasimulie ulivyokua huku, unawaambia wamuulize shangazi yao, eti kumbukumbu zako si za kutegemewa. Aliniambia kama jambo la kuchekesha. Ndilo lililonitoa kitandani kwenda ofisini Jumatatu, si doa la bluu.

Basi nakujibu upya. Palikuwa na nyasi. Zilikufika magotini, na baada ya mvua zililala upande mmoja. Beberu mweusi alikuwepo, yule aliyekupiga ukadondoka mpaka kwenye korongo, na ni kweli ulipanda na kiatu kimoja ukamwambia Baba kingine umeuazimisha mlima. Jiwe ulilolichonga jina lako kwa msumari lipo, nalipita kila wiki. Hukusahau kitu hata kimoja. Wasimulie watoto wako, na wakiuliza nani anathibitisha, waambie shangazi yao.

Mpe wifi salamu zangu za dhati, na watoto uwapakate kwa niaba yangu kama bado wanapakatika. Mama anasema usisahau kuvaa soksi. Nami nakutakia afya, kazi njema na usingizi mzuri, mengine yote nakuachia wewe.

Ni mimi mdogo wako,

Sisimizi