Mwanga wa Stoo ya Unga

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na lile goti limepunguza ukali. Mimi ni mzima, isipokuwa mkono nimeuunguza tena kwenye mlango wa tanuri, na kwa mwokaji mikate hilo halihesabiwi ugonjwa.

Mama, nimeamua. Nataka kukutana na Mungu. Si kusimuliwa na watu, bali nikutane naye mwenyewe, nibadilike. Kanisani kwetu kila anayesimama kutoa ushuhuda amekutana naye. Fundi bomba alikutana naye chini ya sinki la mteja, mwalimu wa hesabu akiwa katikati ya kusahihisha mitihani. Mimi nina miaka arobaini na moja, naimba besi kwenye kwaya, na sijapata hata dalili. Tukifika kwenye beti za kumwona Bwana nafumba macho nisije nikatazamana na mtu.

Wewe umemjua tangu sijazaliwa. Nifanyeje?

Kitinda mimba wako

10 Machi

Kitinda mimba wangu,

Marahaba, mwanangu. Goti lipo, ndilo la kwanza kuniamkia kila asubuhi.

Barua yako imenitoa machozi. Nimekuombea jambo hili tangu unatambaa. Sasa sikiliza. Funga siku tatu, maji tu. Siku ya tatu tafuta mahali pa faragha, funga mlango, piga magoti, na usitoke mpaka uguswe. Na uache ubishi. Wewe hata daktari akikuambia una homa unataka akuonyeshe kipimo.

Mama yako

19 Machi

Mwanangu mteule,

Hujambo? Nakuuliza tu kwa mazoea, maana habari zako zimefika kabla ya barua. Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lenu amepiga simu kwa jirani, nikaitwa, nikamsikia mwenyekiti analia kwenye simu. Anasema alikwenda hapo kazini kwako kuchukua mikate ya kikao, mlango wa stoo ukafunguka, ukatoka wewe, uso mweupe pe, huwezi kutamka neno, naye akaanguka magotini palepale.

Nimewaambia mtaa mzima. Huyu jirani mwenye simu, ambaye wanawe wote ni wachungaji, nimemwambia mara mbili. Nasikia mchungaji amekupangia ushuhuda Jumapili ya tarehe 30. Niandikie kila neno utakalosema. Sasa naweza kufa kwa amani, ingawa sina haraka.

Mama yako

22 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kaa chini kwanza. Hili siwezi kulisema kwa simu, jirani yako atasikia.

Kufunga katikati ya mikate, usiombe. Siku ya kwanza niliwafokea wenzangu wote. Siku ya pili nilimlilia mteja aliyeagiza keki. Ya tatu nikajifungia kwenye stoo ya unga, maana ndipo pekee penye mlango na kimya. Nikapiga magoti, nikainamia gunia lililokuwa wazi, nikamwita Mungu kwa saa nzima. Ulikuja usingizi. Nikazama uso mzima kwenye unga, nikaamka napaliwa, nikatoka mbio kutafuta maji, na mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni. Sikutamka neno kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa. Nilipopata sauti alikuwa ameshaondoka, na mikate kaiacha.

Nilikwenda kumweleza mchungaji. Akanishika bega, akasema unyenyekevu wangu ni dalili tosha.

Nikisema kweli nitakuaibisha. Nikidanganya, nitakuwa nawadanganya watu kwa jina la Yule ninayemtafuta. Na kibaya zaidi, mama, nimeanza kupenda ninavyotazamwa. Uniambie la kufanya, nitalifanya.

Kitinda mimba wako

31 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hukunijibu. Nilisubiri wiki nzima, mwisho nikaamua peke yangu, na ukikasirika una haki.

Nilisimama mbele ya kanisa lililojaa mpaka kwenye madirisha. Nikasema, "Ulikuwa unga. Nilisinzia kwenye maombi."

Kwaya walicheka mpaka mpiga kinanda akateleza kwenye kiti. Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, nikaona nimemfanya kituko mbele za watu. Nikashuka, nikampigia magoti. Nilikusudia kuomba radhi kwa yale ya mlangoni, lakini yakatoka mengine. Kwamba nilitaka kukutana na Mungu ili na mimi niwe na cha kusimulia. Kwamba nimemwonea kijicho kila aliyesimama kabla yangu, hata fundi bomba. Kwamba najiona si kitu, na naogopa Mungu naye ananiona hivyo hivyo. Sijawahi kumwambia mtu maneno hayo.

Nilipomaliza nilijua kwamba Yesu ananijua, pamoja na yote hayo, na bado ananitaka. Sikuona mwanga wala kusikia sauti. Nilijua tu, jinsi unavyojua kuna mtu chumbani kabla hujageuka. Nikalia kwa aibu na furaha kwa pamoja, na mwenyekiti akanifuta pua kwa leso yake.

Leo nimewaomba radhi wote niliowafokea kazini. Wameniuliza kama nafunga tena.

Kinachonitisha sasa ni kimya chako.

Kitinda mimba wako

6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hujanikasirisha. Nilikujibu mara tatu, na mara zote tatu nilijikuta nakuambia udanganye kidogo, kwa sababu ya jirani. Nikazichana barua zote.

Hii barua yako ya mwisho nimeisoma mara nne. Mwanangu, benchi la mbele kanisani nimelikalia miaka hamsini. Nimefundisha watoto, nimekemea walevi, nimeombea wagonjwa wakapona. Uliposema nimemjua tangu hujazaliwa, sikukusahihisha. Ule ushauri niliokupa niliusikia kwa watu. Mimi mwenyewe niliujaribu mara nyingi, nikatoka na njaa tu. Kila mtu anadhani nilishafika, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza, na mimi nimeona aibu kuuliza.

Nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Unisimulie tena, polepole, usiruke kitu. Halafu ukae nami, nijaribu kusema na mimi ya kwangu. Ni mengi, usiniharakishe.

Mama yako